Namna ya kukagua kinywa cha mtoto anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kurithi wa laisosomu

Mwongozo huu unawahusu tabibu wa meno, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto na mganga wa zahanati aliyeko Tanga mjini, Pangani, Muheza au Korogwe, ambaye hana maabara ya vimeng'enya wala mtaalamu wa jenetiki jirani, lakini ana tochi, kijiti cha kukandamizia ulimi, kioo cha meno na macho yake. Magonjwa ya mrundikano wa laisosomu, yaani ya vifuko vya seli vinavyoshindwa kuvunja mabaki, ni adimu ukiyatazama moja moja, ila yapo takriban 70, na katika nchi zilizofanya hesabu hukadiriwa kwamba, yakijumlishwa, humpata mtoto 1 kati ya kila 5,000 hadi 8,000 wanaozaliwa. Mtumishi aliyekaa kazini miaka mingi katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 huenda amekwisha kuwaona watoto hao bila kuwatambua, akawaandikia dawa ya kifua au akawang'oa jino na kuwarudisha nyumbani.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni kwamba kinywa cha mtoto wa aina hii kisomwe baada ya mtoto mzima kusomwa, na koleo la kung'olea lisishikwe kabla ya kujulikana hali ya shingo, njia ya hewa, moyo na damu yake.

Kinachoharibika ndani ya seli

Laisosomu ni vifuko vidogo vilivyomo ndani ya karibu kila seli ya mwili, vyenye tindikali ya pH ipatayo 4.5 hadi 5 na vimeng'enya zaidi ya 50, ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja mafuta, sukari ndefu na protini zilizokwisha kutumika ili vipande vyake vitumike tena. Mbelgiji Christian de Duve alivitambua vifuko hivi mwaka 1955 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na George Palade. Mwaka 1963 Henri-Géry Hers alionyesha kwamba ugonjwa wa Pompe, ambao humdhoofisha mtoto misuli na moyo, unatokana na kukosekana kwa kimeng'enya kimoja tu cha laisosomu, na hapo ndipo madaktari walipoanza kuelewa kundi zima la magonjwa haya. Jeni ikiwa na hitilafu, kimeng'enya chake hakitengenezwi au hutengenezwa kikiwa kibovu. Kitu kilichopaswa kuvunjwa hubaki ndani ya kifuko, vifuko huvimba na kuongezeka, na seli iliyojaa viputo hivyo hushindwa kufanya kazi yake ya kawaida hata kama haifi.

Kinywani kila aina ya seli huonyesha mzigo huo kwa namna yake. Katika ufizi, fibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi za tishu) na makrofaji (seli zinazomeza uchafu) hujaa sukari ndefu zisizovunjwa, tishu hunenepa, na mkaguzi huona fizi zilizoumuka ambazo hazitoki damu kwa urahisi kama zile zilizovimba kwa uchafu. Katika ulimi wa mtoto mwenye ugonjwa wa Pompe, glaikojeni, sukari ya akiba, hujaa ndani ya nyuzi za misuli, na ulimi huwa mkubwa lakini dhaifu; katika ugonjwa wa Hurler, ambao hutokana na kutovunjwa kwa sukari ndefu, ulimi hukua kwa sababu tishu zinazounganisha misuli zimejaa sukari hizo, ziitwazo dermatani salfeti na heparani salfeti. Katika ugonjwa wa Fabry mafuta hurundikana kwenye seli za kuta za mishipa midogo ya damu na kwenye tezi za mate, na ndiyo maana mgonjwa huweza kuwa na vidoa vyekundu vya damu kwenye midomo na upande wa ndani wa shavu, pamoja na kinywa kikavu. Katika ugonjwa wa Gaucher makrofaji zilizojaa mafuta, ambazo chini ya hadubini huonekana kama karatasi laini iliyokunjwakunjwa, huingia ndani ya uboho wa taya na kuuchukua mahali pake.

Seli inayostahili kuzungumzwa kwa kirefu zaidi ni ameloblasti, inayotengeneza enameli, kwa sababu kosa lake halifutiki. Ameloblasti kwanza humwaga protini, kisha katika hatua ya ukomavu huzivunja na kuzimeza mabaki yake ili madini yajaze nafasi, mpaka enameli inakuwa na madini yapatayo asilimia 96 ya uzito wake. Umezaji huo hupita kwenye laisosomu. Jino linapochomoza, ameloblasti zimekwisha kufa zote, hivyo enameli iliyotengenezwa vibaya haitarekebishwa na mwili, hata mtoto akipata dawa ya kimeng'enya siku ya pili yake. Meno ya mbele ya utoto huanza kupata madini mtoto akiwa tumboni, mimba ikiwa na wiki zipatazo 14. Gego la kwanza la kudumu huanza wakati wa kuzaliwa, na kichwa chake hukamilika karibu na umri wa miaka 3. Anayezijua tarehe hizi anaweza kutazama jino na kukisia seli zilikuwa na shida katika kipindi gani.

Anza nje ya kinywa

Mama atakaa kitini, atasalimia, na mara nyingi atakuwa na jina la ugonjwa tayari: "Shikamoo daktari, mwanangu kaota meno ya plastiki, bibi yake kasema yatolewe." Jibu linalofaa ni la upole na la utaratibu: "Marahaba, mama. Kabla sijamtazama kinywa, naomba tumvue fulana nimwone tumbo na mgongo."

Fulana ikivuliwa, tazama kitovu na kinena kama kuna ngiri, kwa maana ngiri iliyojitokeza mapema, pengine iliyokwisha kufanyiwa upasuaji na kurudi, ni dalili ya kawaida katika ugonjwa wa Hurler na jamaa yake, ugonjwa wa Hunter. Papasa ini na bandama. Pitisha kiganja juu ya uti wa mgongo uone kama kuna nundu chini ya mbavu. Mwombe mtoto anyooshe mikono juu ya kichwa. Viungo vigumu na vidole vilivyojikunja huelekeza kwenye Hurler, Hunter au jamaa yao Maroteaux-Lamy, ilhali kifundo cha mkono kinacholegea kupita kiasi, kifua kilichochomoza mbele, magoti yanayogongana na kiwiliwili kifupi, kwa mtoto mwenye akili timamu kabisa, huelekeza kwenye ugonjwa wa Morquio, ambao nao ni wa jamii hiyohiyo. Elekeza tochi kwenye jicho kwa pembeni: konea (kioo cha mbele cha jicho) yenye ukungu huonekana katika Hurler, Maroteaux-Lamy na Morquio, lakini kwa kawaida haionekani katika Hunter, ambao huwapata karibu wavulana tu kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Uliza kuhusu kukoroma, masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, na maneno ambayo mtoto alikuwa akiyasema na sasa hayasemi.

Fungua kadi ya kliniki. Mtoto wa Hurler mara nyingi huzaliwa akiwa na sura ya kawaida, na sura hubadilika polepole kabla ya kutimiza miaka 2; picha ya simu aliyopigwa siku ya arobaini, ikiwekwa kando ya uso wake wa leo, husema mengi kuliko maelezo marefu ya mkaguzi.

Kuingia kinywani

Mtoto mdogo hukaguliwa vizuri kwa mkao wa goti kwa goti, mama na mkaguzi wakitazamana, mtoto akilala na kichwa chake kwenye mapaja ya mkaguzi. Kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu mkao huo unabadilishwa: kichwa kisining'inie nyuma hata kidogo, na kikingwe kwa kiganja kilicho wazi chini ya kisogo. Katika Morquio hasa, kichomozo cha pingili ya pili ya shingo huwa kifupi au hakipo, na kuikunja shingo kwa nguvu kwenda mbele au nyuma kunaweza kuubana uti wa mgongo. Ikiwa mtoto anapumua kwa kelele anapolala chali, mkague akiwa amekaa mapajani mwa mama yake, ukubali kuona kidogo kuliko kumlazimisha.

Tazama kwanza midomo na jinsi kinywa kinavyokaa chenyewe. Kinywa kilicho wazi muda wote, midomo minene na ulimi unaokaa kati ya meno ni picha ya Hurler, ila pia ni picha ya mtoto mwenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo tangu kuzaliwa, ambaye matibabu yake ni rahisi na ya haraka, kwa hiyo kipimo cha tezi hiyo kisisahauliwe. Gusa ulimi kwa kijiti: ulimi mgumu uliojaa ni tofauti na ulimi mlegevu wa Pompe.

Fizi za mtoto mchanga zilizonenepa kiasi cha kufunika meno yote, katika miezi ya mwanzo ya maisha, pamoja na ngozi ngumu na viungo vilivyokakamaa, zilete akilini ugonjwa wa seli-I, ulioelezwa na Jules Leroy na Robert DeMars mwaka 1967 baada ya kuona chembechembe nyeusi zimejaa ndani ya fibroblasti za wagonjwa. Hapa vimeng'enya vingi vinatengenezwa lakini vinakosa alama ya manosi-6-fosfeti inayovielekeza kwenye laisosomu, hivyo vinapotelea nje ya seli, na damu ya mtoto inakuwa na vimeng'enya vingi huku seli zake zina njaa navyo. Mtoto kama huyu ndiye aliye hatarini zaidi kupelekwa kwa mtu wa mtaani "kutolewa meno ya plastiki", yaani kuchimbwa fizi kwa chombo kisicho safi mpaka vichipukizi vya meno vinatoka na damu. Desturi hiyo imewaletea watoto wachanga wa nchi yetu maambukizi ya damu na vifo, na hata kwa mtoto mzima wa afya hakuna ugonjwa unaoponywa kwa njia hiyo. Mama aambiwe hivyo waziwazi, bila kumkejeli bibi aliyemshauri.

Fizi kubwa zina sababu nyingine zinazoonekana mara nyingi zaidi. Mtoto anayetumia fenitoini kwa ajili ya kifafa hupata fizi za namna hiyo, kwa hiyo uliza dawa kabla ya kuuliza ukoo. Fizi zinazovimba ghafla na kuvuja damu, kwa mtoto aliyepauka na mwenye homa, zinahitaji kipimo cha damu siku hiyohiyo kwa hofu ya saratani ya damu. Uvimbe wa taya unaolegeza magego kwa haraka ya wiki chache ni lazima ufikiriwe kuwa limfoma ya Burkitt, aina ya saratani, mpaka ithibitike vinginevyo. Magonjwa ya laisosomu huenda polepole, na mwendo huo wenyewe ni kitambulisho.

Kwenye meno, hesabu, pima nafasi, kisha tazama sura. Katika Hurler meno ni madogo, yameachana sana, na magego ya kudumu huchelewa kutoka. Picha ya eksirei huonyesha gego la kwanza likiwa limezungukwa na mfuko mkubwa mweusi unaofanana na uvimbe wa maji, kumbe ni kifuko cha jino kilichojaa dermatani salfeti. Katika Morquio aina ya A enameli ni nyembamba, ya kijivu, yenye vishimo vidogo. Meno ya mbele hupanuka chini kama beleshi la mchanga, na ncha za magego ni kali kiasi cha kuhisiwa kwa kidole chenye glovu. Meno ya utoto na ya kudumu yote huathirika, jambo linaloeleweka ukikumbuka kwamba ameloblasti za seti zote mbili zilikosa kimeng'enya kilekile.

Mkaguzi wa Tanga anapoona enameli yenye dosari atauliza mtoto amekulia wapi, kwa kuwa aliyelelewa Arusha au sehemu nyingine za bonde la ufa huweza kuwa na madoa ya kahawia yanayotokana na floridi nyingi ya maji, au ya magadi yanayotiwa kwenye chakula. Floridi hutia doa na hutoboa vishimo, lakini haimbadilishi mtu kiwiliwili wala haimlegezi kifundo cha mkono.

Malizia kwa mate na ngozi laini ya ndani. Kijana anayelalamika kuungua viganja na nyayo tangu utotoni, asiyetoa jasho hata katika joto la Februari, na mwenye kinywa kikavu na vidoa vyekundu midomoni, aandikiwe wazo la Fabry, hata kama amekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba hana kitu.

Bandama kubwa na jino linalouma

Nalitenga jambo hili kwa sababu ndilo litakaloleta msiba wa haraka. Katika mkoa wetu bandama kubwa kwa mtoto humaanisha malaria ya muda mrefu, selimundu au kichocho, na dhana hiyo huwa sahihi karibu kila mara. Hata hivyo mtoto ambaye vipimo vya malaria havina kitu, hana selimundu, na bandama inazidi kukua, huenda ana Gaucher, na jino lake likiuma atakuja kwako na si kwa daktari wa damu. Bandama hiyo hukamata chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na uboho uliojaa makrofaji hautoi nyingine za kutosha. Pima chembe sahani kabla ya kung'oa. Zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita, jino halitolewi kwenye zahanati. Eksirei ya taya, ikiwa ipo, huweza kuonyesha mfupa uliopungua uzito na maeneo meusi yasiyo na mpaka ulio wazi, na hayo yasidhaniwe kuwa ni usaha wa mzizi na kuchimbwa.

Kwa mtoto wa Hurler au Morquio hatari iko kwingine. Njia yake ya hewa ni nyembamba, koo limejaa tishu, shingo haikunjwi, na vali za moyo huenda zimenenepa kwa mrundikano uleule. Dawa ya usingizi asipewe mahali pasipo na daktari wa usingizi aliyearifiwa mapema, na moyo usikilizwe na kupimwa kwanza, daktari wa moyo akiamua kama antibayotiki ya kinga inahitajika. Kukata fizi zilizonenepa ni kazi ambayo faida yake ni ndogo, kwa kuwa seli zilizozijaza zipo palepale na fizi hurudi. Mimi huona ni afadhali kuzisafisha kwa subira kuliko kumlaza mtoto kwa upasuaji wa urembo.

Sampuli na barua ya rufaa

Kipimo kinachothibitisha ugonjwa ni cha utendaji wa kimeng'enya kwenye chembe nyeupe za damu au kwenye tone la damu lililokaushwa, kikifuatiwa na uchunguzi wa jeni. Mkojo hupimwa sukari ndefu kama hatua ya kuchuja, ingawa katika Morquio matokeo yanaweza kuonekana ya kawaida na yasimalize shaka. Tone la damu kwenye karatasi si jambo geni kwa watumishi wetu, kwani ndivyo watoto wachanga wanavyopimwa VVU: damu ya kisigino au kidole hujaza duara, karatasi hukauka kwa saa 3 au zaidi kwenye kivuli, bila kugusana na nyingine, kisha huwekwa kwenye mfuko uliofungwa pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu. Katika hewa ya pwani hatua hiyo ya mwisho isirukwe, kwa sababu vimeng'enya huharibika kwa joto na unyevu, na sampuli iliyoharibika hutoa jibu la uongo linalofanana kabisa na ugonjwa.

Barua kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, na kutoka hapo kwenda Muhimbili, isiandikwe tu "fizi zimevimba". Andika umri zilipoanza, sura ya meno, ukubwa wa ulimi, hali ya konea, ngiri, bandama na viungo, na uweke picha za uso na za meno kwa ridhaa ya mzazi. Andika pia haraka inayohitajika: kwa Hurler, kupandikiza uboho huleta matokeo bora kukifanyika kabla ya umri wa miaka 2 na nusu hivi, na mwezi unaopotea hapa wilayani haurudishwi popote. Dawa za kimeng'enya za kutiliwa mshipani zipo duniani tangu 1991 kwa Gaucher na tangu 2003 kwa Hurler, ni ghali mno, hupunguza ukubwa wa ini na bandama, ila hazifiki vizuri kwenye ubongo na hufika kwa shida kwenye mfupa.

Mazungumzo na familia, na meno ya nyumbani

Mengi ya magonjwa haya hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kila mmoja ana jeni moja nzima na moja yenye hitilafu na wala hana ugonjwa. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua, bila kujali wangapi waliotangulia walizaliwa wazima. Ndoa za binamu, ambazo Pwani zina heshima yake, huongeza nafasi ya wawili kubeba hitilafu moja, na jambo hilo lielezwe kwa baba na mama wakiwa pamoja, ili mama asirudi nyumbani akiwa amebebeshwa lawama peke yake. Katika Hunter na Fabry jeni iko kwenye kromosomu ya X, na mtoto wa kiume huipata kwa mama, na hapo tahadhari ya maneno inahitajika maradufu. Wazazi waulizwe kwa staha habari za wajomba wa mtoto, walio hai na waliokufa wakiwa wadogo.

Utunzaji wa kila siku ni uleule wa watoto wengine, ila kwa bidii zaidi, kwa kuwa vidole vilivyokakamaa haviwezi kushika mswaki wa kawaida. Mpini wa mswaki uzungushiwe kitambaa au kipande cha mpira mpaka unene ushikike, mzazi amalizie kupiga mswaki jioni kwa dawa ya meno yenye floridi ya 1,000 ppm (sehemu 1,000 kwa kila milioni), na kliniki ipake vanishi ya floridi kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa meno ya Morquio mifereji ya magego izibwe mapema, punde tu yanapochomoza. Chai ya sukari na juisi za paketi kati ya milo zipunguzwe, hasa kwa mwenye mate machache. Wadogo wa mtoto huyo waletwe nao wakaguliwe, kuanzia kitovu, mgongo na macho, hata kama fizi zao ni safi na mama anasema hawana tatizo lolote.